Sarafu za Wanyama: Picha Huchaguliwaje, na Mnunuzi Aangalie Nini?

Wafanyabiashara wa Kiseke hushika wanyama wa hifadhi kila siku. Sarafu ya shilingi 100 ina swala, ya 200 ina simba, na ya 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ina nyati. Hizo ni fedha za matumizi. Zipo pia sarafu za kumbukumbu za dhahabu au madini ya fedha, ambazo huuzwa kwa wakusanyaji kwa bei iliyo juu sana ya thamani iliyoandikwa. Kwa kuwa picha ndiyo inayomvuta mteja, ni vyema mwekezaji mdogo akajua inavyochaguliwa, na inaongeza nini.

NANI ANACHAGUA

Hapa nchini, mwenye mamlaka ya kutoa noti na sarafu ni Benki Kuu ya Tanzania peke yake. Mwaka 1974 Tanzania ilishiriki katika mpango wa kimataifa wa sarafu za uhifadhi, uliohusisha shirika la WWF. Wanyama watatu walichaguliwa: twiga kwa shilingi 25, faru kwa shilingi 50, zote za madini ya fedha, na duma kwa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500.

Kila nchi ina utaratibu wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza sura ya mtu kwenye fedha, hivyo sarafu za Desemba 2018 zikapewa twiga, faru, simba na tembo. Marekani ilitoa sarafu 56 za robo dola kati ya 2010 na 2021, zikiwa na picha za hifadhi na maeneo mengine ya taifa. Michoro ilipitiwa na kamati mbili, kisha Waziri wa Fedha akaamua.

KWA NINI MNYAMA

Hifadhi ni ardhi, maji na miti, na vyote hivyo havienei kwenye duara la sentimita chache. Kwa hiyo mnyama mmoja anayetambulika mara moja husimama badala ya hifadhi nzima. Kanuni hiyo inazipendelea hifadhi zenye wanyama maarufu. Saanane, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, tunaiona kutoka mjini, lakini pimbi wake hawana jina sokoni. Nzohe wa Kisiwa cha Rubondo ni fahari ya ziwa letu, ila kwa mnunuzi wa mbali ataonekana swala tu.

MNUNUZI AANGALIE NINI

Kwanza, uzito na usafi. Twiga wa 1974 alitolewa kwa namna mbili. Sarafu maalum yenye mng'ao wa kioo ina gramu 28.28 na usafi wa 925 kwa 1,000, yaani gramu 26 hivi za fedha halisi. Ile ya kawaida ina usafi wa 500, na fedha yake haizidi gramu 13. Picha ni ileile, madini ni nusu.

Pili, fanya hesabu. Duma ana gramu 33.437 za usafi wa 900, sawa na gramu 30 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Mwanza, penye kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa mwaka 2021, bei hiyo si siri. Kinachozidi hapo ndicho unacholipia picha na uadimu.

Tatu, uliza nani atainunua kwako. Sonara hulipa madini tu, kwani picha huyeyuka pamoja na sarafu. Mkusanyaji hulipia picha, lakini hukataa sarafu iliyosuguliwa au kukwaruzwa, hivyo usiing'arishe. Kama humjui mkusanyaji hata mmoja, usilipe zaidi ya bei ya madini.