Kanada: Kwa nini wanafunzi wa jamii za asili walitengewa fungu lao wakati wa korona

Tarehe 22 Aprili 2020, vyuo vikiwa vimefungwa na ajira za majira ya joto zikiwa zimetoweka, Waziri Mkuu wa Kanada Justin Trudeau alitangaza mpango wa takriban dola bilioni 9 za nchi hiyo kwa ajili ya wanafunzi na vijana. Ndani yake mlikuwamo dola milioni 75.2 kwa wanafunzi wa vyuo na vyuo vikuu wanaotoka katika Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis, makundi matatu ya wenyeji wa asili yanayotambuliwa na katiba ya Kanada.

Ikiwa wanafunzi wote walipewa msaada, kwa nini hawa watengewe fungu lao?

Msaada uliokoma kabla ya masomo

Posho ya dharura kwa waliopoteza kazi ilimtaka mwombaji awe amepata kipato cha angalau dola 5,000 katika mwaka uliotangulia. Wanafunzi wengi hawakufikia kiwango hicho. Kwa hiyo serikali iliwaanzishia posho yao ya dola 1,250 kwa mwezi, na dola 2,000 kwa wenye ulemavu au wanaotunza wategemezi. Wanafunzi wa jamii za asili nao waliweza kuiomba.

Hata hivyo, posho hiyo ililipwa kuanzia Mei hadi Agosti tu, ilhali mwaka wa masomo huanza Septemba. Aliyezoea kuweka akiba ya karo kutokana na kibarua cha majira ya joto alifika Septemba akiwa amejikimu, lakini bila akiba. Fungu la milioni 75.2 lilielekezwa huko: karo, vitabu, pango la nyumba na gharama za maisha chuoni.

Kurudi nyumbani au kubaki mjini

Wanafunzi wa jamii za asili aghalabu wana umri mkubwa kuliko wenzao, na wengi wanalea watoto. Katika eneo zima la Wainuit, kaskazini mwa Kanada, hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja. Anayetaka shahada hulazimika kuhama.

Janga lilipoingia, eneo la Nunavut liliwataka wakazi wake waliokuwa kusini wakae karantini siku 14 hotelini kabla ya kupanda ndege kurudi kwao. Aliyefika nyumbani alikuta masomo yamehamia mtandaoni, na intaneti ya huko hutegemea setilaiti. Aliyebaki mjini alilipa pango mbali na jamaa zake. Vyovyote alivyochagua, masomo yake yalikuwa hatarini kukatika.

Nani hugawa fedha?

Fedha za kawaida za masomo ya wenyeji hawa hazitoki serikalini moja kwa moja hadi kwa mwanafunzi. Hupitia mabaraza ya jamii na taasisi zao, nazo huamua nani afadhiliwe. Zisipotosha, mwombaji huwekwa katika orodha ya kusubiri, hata kama chuo kimekwisha kumpokea.

Uhaba huo si wa juzi. Kuanzia mwaka 1996, ongezeko la kila mwaka la fedha za Mataifa ya Kwanza liliwekewa kikomo cha asilimia 2, huku idadi ya vijana na karo zikipanda. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano iliitaka serikali itoe fedha za kutosha kumaliza msongamano wa wanaosubiri. Bajeti ya mwaka 2019 ilitenga dola milioni 815 kwa miaka 10, pamoja na mipango maalumu ya Inuit na Métis. Fedha za korona ziliongezwa juu ya mipango hiyo.

Haki au hisani?

Kati ya mwaka 1871 na 1921, utawala wa Kanada ulitia saini mikataba 11 ya ardhi na Mataifa ya Kwanza, na katika mingi kati yake uliahidi shule au walimu. Viongozi wa jamii hizo hushikilia kuwa ahadi hiyo inafika hadi chuo kikuu, kwa hiyo elimu ni deni. Serikali imekuwa ikiuchukulia ufadhili wa vyuo kuwa ni sera yake, na sera hupanuliwa au hubanwa na bajeti.

Historia inaeleza uzito wa hoja hiyo. Sheria ya mwaka 1876 ilisema kwamba mwenyeji akipata shahada ya chuo kikuu, anapoteza hadhi yake ya kisheria katika jamii yake. Baadaye zaidi ya watoto 150,000 walipitia shule za bweni zilizokusudiwa kuwaondolea lugha na mila. Kwa vizazi kadhaa, gharama ya elimu ilikuwa ni kujikana. Katika sensa ya mwaka 2016, ni asilimia 10.9 tu ya wenyeji wa asili wenye umri wa miaka 25 hadi 64 waliokuwa na shahada.

Bajeti ya mwaka 2021 iliongeza dola milioni 150.6 kwa miaka miwili, ili kufidia kipato walichopoteza wanafunzi hao. Fedha hizo nazo zilikuwa na ukomo, ilhali shahada moja huchukua miaka mitatu au minne. Mwanafunzi aliyeanza masomo kwa fedha za dharura alihitaji nyingine za kumfikisha mwisho, na hizo alilazimika kuzitafuta katika orodha ileile ya kusubiri iliyokuwapo kabla ya korona.