Maneno ya redio wakati wa ugonjwa: yanatuambia tufanye nini?

Ugonjwa ukiingia mtaani, redio na waganga wanatumia maneno yanayotutia woga. Tuyafahamu, maana kila neno lina kazi yake nyumbani.

Endemia. Ni ugonjwa uliozoea mahali, unaonekana mwaka hadi mwaka. Malaria ni hivyo kwetu, na kipindupindu pia kando ya Ziwa Tanganyika. Hapa kazi ni ya kila siku: kulala ndani ya chandarua, kunywa maji safi, kunawa mikono kwa sabuni.

Mlipuko, ao epidemia. Wagonjwa wanapita hesabu ya kawaida ya mahali pale. Mwaka 2019 mlipuko wa surua uliua watu zaidi ya 6.000 nchini kwetu, wengi wao watoto wadogo. Mama akisikia neno hili, aangalie karatasi ya chanjo ya mtoto siku ileile. Kwa Ebola, hata mgonjwa mmoja anatosha kutangaza mlipuko.

Pandemia. Mlipuko umeenea katika nchi nyingi za dunia, kama COVID-19. Neno linaonyesha ugonjwa umefika wapi. Halisemi kwamba unaua kuliko mengine.

Kontakti. Ni mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa. Neno hili ndilo linaloleta shida zaidi, kwa sababu majirani wanafikiri kontakti ni mgonjwa tayari. Sivyo. Dalili za Ebola zinatokea kati ya siku 2 na 21, na kabla ya dalili mtu haambukizi wengine. Ndiyo maana anafuatiliwa siku 21. Akikimbia kwa sababu ya masengenyo, dalili zinaweza kumkuta mbali, na ugonjwa unaanza upya kijijini kwingine. Akibaki, anapimwa homa kila siku na kutunzwa mapema.

Basi kontakti asikimbizwe, asaidiwe. Mama asiyeweza kwenda sokoni siku 21, watoto wake watakula nini? Kikundi cha likelemba kinaweza kumpelekea unga, makala na maji.

Mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2.200. Ili kutangaza mwisho, zinahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya: yaani 21 mara mbili. Jirani mmoja akifichwa, hesabu inaweza kurudi mwanzo.