Michezo kwa simu: kwa nini anayenunua kidogo hulipa zaidi

Tarehe 27 Aprili 2025, klabu ya Simba ya Tanzania ilitoka sare ya bila kufungana na Stellenbosch ya Afrika Kusini katika uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban.

Kwa kuwa ilikuwa imeshinda 1-0 wiki moja kabla huko Zanzibar, Simba iliingia fainali ya Kombe la Shirikisho barani Afrika.

Kwa Watanzania na wazungumzaji wengine wa Kiswahili wanaoishi Durban, timu ya nyumbani ilikuwa imewafuata walipo. Kilichohitajika ni tiketi ya uwanjani.

Fainali dhidi ya RS Berkane zilichezwa mwezi uliofuata, moja Morocco na nyingine Zanzibar. Aliyetaka kuziona akiwa Durban ilimbidi atafute televisheni, au atumie simu ya mkononi.

Wengi sasa huanza na simu. Lakini je, simu imeufanya mchezo kuwa nafuu kwa mtu wa kipato cha siku hadi siku?

Swali hilo lina uzito wa pekee Warwick Junction, kilomita chache kutoka uwanja huo. Hapo ndipo yanapokutana masoko makubwa ya Durban, stesheni ya reli ya Berea na vituo vya mabasi na teksi. Watu zaidi ya 400,000 hukadiriwa kupita kila siku, na wafanyabiashara wadogo ni maelfu.

Kutoka ungo hadi simu

Afrika Kusini, kama sehemu kubwa ya Afrika, haikupitia enzi ya nyaya za televisheni zilizoingia nyumba kwa nyumba kama ilivyokuwa Marekani. Televisheni ya kulipia ilienea kwa setilaiti, kupitia huduma ya DStv iliyoanza mwaka 1995.

Huduma hiyo inataka ungo juu ya paa, king'amuzi ndani ya nyumba, umeme na ada ya kila mwezi. Kifurushi chake cha juu kabisa kilizidi randi 900 kwa mwezi mwaka 2024. Vifurushi vya bei ya chini vina mechi chache zaidi.

Kwa anayepanga chumba na kuhama mara kwa mara, kikwazo si ada pekee. Ungo unahitaji ukuta wa kuufunga na ruhusa ya mwenye nyumba.

Hapo ndipo matangazo ya intaneti yalipopata nafasi. Mwezi Februari 2024, huduma ya Showmax, iliyokuwa chini ya MultiChoice, kampuni mama ya DStv, ilizinduliwa upya. Ilikuja na kifurushi cha Ligi Kuu ya England kwa ajili ya simu peke yake, kwa randi 69 kwa mwezi nchini Afrika Kusini.

Tangu wakati huo soko limeendelea kubadilika. Mwezi Septemba 2025, kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ilichukua udhibiti wa MultiChoice yenyewe.

Tofauti ya njia mbili

Setilaiti hufanya kazi kama mvua: hunyesha eneo lote kwa pamoja. Wakiongezeka watazamaji 100 au 100,000, gharama ya kurusha matangazo haibadiliki, na mtazamaji halipi zaidi kwa kutazama saa nyingi.

Intaneti ni kama maji ya ndoo. Kila mtazamaji huchotewa ya kwake. Picha hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila simu huomba kipande kimoja baada ya kingine.

Simu huhifadhi vipande kadhaa kabla ya kuvionyesha, ili picha isikatike. Ndiyo maana matangazo ya mtandao mara nyingi huchelewa nusu dakika au zaidi. Mwenye simu anaweza kusikia kelele za bao kutoka kwa jirani mwenye ungo kabla mpira haujafika langoni kwenye kioo chake.

Watu wengi wanapotumia mnara mmoja wa simu kwa wakati mmoja, kila mmoja hupata kidogo. Programu hupunguza ubora wa picha, na mpira huwa vigumu kuuona.

Mechi za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri nchini Uingereza huonekana Durban saa kumi au saa kumi na moja jioni, kutegemea majira. Ni muda ambao mchuuzi bado yuko kwenye meza yake, na kwa wengi wa kando ya barabara meza hiyo haina umeme. Chaji ya simu nayo inaingia katika hesabu.

Hesabu ya mechi moja

Mechi moja, pamoja na mapumziko, huchukua takribani saa mbili. Kwa picha ya ubora wa kawaida, saa moja hutumia karibu GB 1. Kwa picha ndogo ya simu, inaweza kushuka hadi karibu GB 0.3.

Tarehe 1 Aprili 2020, kampuni ya Vodacom ilishusha bei ya GB 1 ya siku 30 kutoka randi 149 hadi randi 99, baada ya shinikizo la Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini.

Kwa bei hiyo ya randi 99, mechi moja kwa picha ndogo hugharimu kama randi 60 za data. Kwa ubora wa kawaida hukaribia randi 200.

Kwa maneno mengine, data ya mechi moja kwa picha hafifu ilikaribia ada ya mwezi mzima ya kifurushi cha randi 69. Mechi nne kwa mwezi zilihitaji randi 240 za data, mbali na ada yenyewe.

Mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo haihisi hesabu hiyo. Anayeihisi ni yule anayenunua data kidogo kidogo.

Ripoti ya Tume ya Ushindani iliyotolewa Desemba 2019 ilieleza jambo hilo wazi: wanaonunua vifurushi vidogo hutozwa bei kubwa zaidi kwa kila MB kuliko wanaonunua vifurushi vikubwa. Vifurushi vya saa moja au siku moja huonekana nafuu, lakini data isiyotumika hupotea muda ukiisha.

Wafanyabiashara wa Warwick wanaijua kanuni hiyo. Anayenunua vitunguu kwa fungu hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua gunia. Tofauti ni kwamba vitunguu vilivyobaki huliwa kesho.

Mipaka isiyoonekana

Hata mwenye data ya kutosha anaweza kukuta mlango umefungwa. Haki za matangazo huuzwa kwa nchi au kwa kanda, na programu hutambua simu iko nchi gani.

Nchini Tanzania, Azam Media ilitia saini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya nchi hiyo, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Aliye ng'ambo hana budi kuchunguza kwanza kama huduma anayoitaka inaruhusiwa nchi aliko, kabla ya kulipa.

Wakati mwingine mipaka humpendelea Mwafrika. Mechi za Ligi Kuu ya England za saa tisa alasiri Jumamosi hazionyeshwi moja kwa moja nchini Uingereza, ili kulinda mahudhurio viwanjani. Hivyo Mkenya aliyeko London anaweza kukosa mechi ambayo nduguye anaitazama Mombasa au Durban.

Vikwazo hivyo huwasukuma wengine kwenye tovuti zisizo halali. Huko hakuna ada, lakini data huliwa vilevile, na matangazo ya kubofya yanaweza kuingiza programu haribifu kwenye simu ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotumika kutuma pesa.

Kinachobaki bure

Sheria ya mawasiliano ya Afrika Kusini ya mwaka 2005 inakataza vituo vya kulipia kujitwalia peke yao haki zinazozuia michezo yenye umuhimu wa kitaifa kuonyeshwa bure. Miongoni mwayo ni Kombe la Dunia na Kombe la Mataifa ya Afrika.

Shirika la utangazaji la taifa, SABC, lilianzisha huduma yake ya mtandaoni, SABC+, mwezi Novemba 2022. Haitozi ada.

Hata hivyo, isiyo na ada si sawa na isiyo na gharama. Anayeitazama kwa simu hununua data. Anayetazama kituo hicho hicho kwa antena ya kawaida halipi chochote kwa saa anazotazama.

Kwa hiyo, kwa mtu wa kipato kidogo, simu imeondoa hitaji la ungo na mkataba, lakini imemwekea mita inayohesabu kila dakika ya mchezo. Mpaka bei ya data ndogo ilingane na ya data kubwa, njia ya bei nafuu kwa mechi nzima itabaki ile ya zamani: televisheni moja, na watu wengi mbele yake.