Kabla ya Kupiga Windows Upya

Kompyuta ya mezani ikianza kukata moto katikati ya kazi, ikajiwasha yenyewe, kesho yake ikarudia yale yale, ushauri wa kwanza anaopewa mwenyewe ni apige Windows upya. Mafundi wengi huutoa kabla hata kasha halijafunguliwa, na wateja huupokea kwa sababu unaeleweka upesi: kila kitu kinafutwa, kazi inaanza kwenye diski safi. Mimi naona hiyo ni hatua ya mwishoni, tena baada ya nyingine nyingi kushindwa. Mashine inayozimika mara kwa mara huwa na utaratibu wake wa kuzimika, na utaratibu huo, pamoja na kumbukumbu ambazo Windows hujiandikia yenyewe, ndio ushahidi alionao fundi. Anayefuta diski anafuta ushahidi huo, ilhali chanzo, kama ni umeme, joto au kifaa kilichochoka, kimebaki ndani ya kasha kikiisubiri Windows mpya.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2011 watafiti watatu wa Microsoft, Edmund Nightingale, John Douceur na Vince Orgovan, walitoa uchambuzi wa hitilafu za vifaa katika kompyuta milioni moja za watumiaji wa kawaida. Walizitazama mashine ambazo prosesa zake zilikuwa zimefanya kazi kwa jumla ya siku 30 au zaidi katika kipindi cha miezi 8. Uwezekano wa mashine ya namna hiyo kuzimika kwa hitilafu ya prosesa na sehemu zinazoihudumia ulikuwa mmoja kati ya 190. Kwa ile iliyokwisha kuzimika mara moja kwa hitilafu hiyo, uwezekano wa kuzimika tena uliruka hadi mmoja kati ya 3.3. Takwimu hizo zinahusu mashine zilizoangushwa na vifaa tu; hazisemi ni sehemu gani ya kuzimika kote duniani inatokana na vifaa. Lakini zinaonyesha wazi kwamba kifaa kilichokosea mara moja kina uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena, na kwamba tatizo linapojirudia, vifaa vinapaswa kushukiwa mapema.

Ugumu unakuja kwa kuwa kompyuta haisemi ukweli wote kuhusu kinachoisumbua. Chukua prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14. Wachezaji wa michezo ya kompyuta walikuwa wakikatishwa katikati ya mchezo, na ujumbe kwenye skrini ukidai kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Ukiuamini ujumbe huo utabadilisha draiva ya kadi, utapiga Windows, mwishowe utanunua kadi mpya, na mchezo utaendelea kukatika. Kosa lilikuwa kwenye prosesa: ilikosea hesabu ilipofungua data iliyobanwa, na programu ikalitafsiri kosa hilo kuwa upungufu wa kumbukumbu. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba maelekezo ya ndani ya prosesa hizo yalikuwa yakiomba volti kupita kiasi. Agosti ikatoa marekebisho yaliyosambazwa kwa sasisho la BIOS, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili, na ikasema bayana kwamba prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi kwa sasisho. Hiyo hubadilishwa.

Kwa hiyo pa kuanzia ni kwenye kumbukumbu za mashine yenyewe, ambazo hazigharimu chochote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, na itatokea kalenda ya kompyuta yako siku baada ya siku, yenye alama nyekundu kila palipotokea hitilafu kubwa. Alama hizo zikianza siku moja baada ya draiva mpya kuingizwa, umeshapata mtuhumiwa wa kwanza. Kwa undani zaidi andika eventvwr, ufungue sehemu ya System, utafute tukio namba 41 la Kernel-Power. Wengi wakiliona hudhani wamepata jina la ugonjwa, kumbe linasema tu kwamba mashine imewaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Cha thamani kiko ndani ya maelezo yake, kwenye mstari wa BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na hapo shuku umeme, pawasaplai, au mashine kuganda kabisa. Ikiwa ni namba nyingine, ilitokea skrini ya buluu (nyeusi katika matoleo ya karibuni ya Windows 11) hata kama hukuwahi kuiona, kwa sababu Windows huwa imepangwa kujiwasha upya mara moja. Namba hiyo huandikwa kwa hesabu ya kawaida ya makumi, hivyo 292 ndiyo ile ile 0x124 ya kwenye skrini, ambayo huelekeza kwenye vifaa. Fundi anayekwenda kutafuta maana ya 292 mtandaoni bila kujua hili atapotea njia.

Baada ya hapo angalia mashine inazimika ikiwa inafanya nini. Ikizimika baada ya muda wa kazi nzito, pima joto, fungua kasha, tazama kama mapezi ya chuma chini ya feni ya prosesa yamezibwa na vumbi. Ikikata moto papo hapo kazi nzito inapoanza, mshukiwa ni pawasaplai. Njia yake ya volti 12 inatakiwa kubaki kati ya 11.4 na 12.6, na ni lazima ipimwe mashine ikiwa kazini, maana pawasaplai dhaifu inaweza kuonyesha namba nzuri ikiwa imepumzika. Ikizimika ovyo, leo kwenye barua, kesho kwenye muziki, ishuku RAM. Programu ya kuipima, Memtest86+, huwaka kutoka kwenye flashi bila Windows kuguswa kabisa, hivyo kosa likionekana humo, Windows haiwezi kulaumiwa. Hapo chomoa RAM, ubaki na moja moja ukizijaribu kwa zamu. Na katika yote haya badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayesafisha feni, akabadili RAM na kupiga Windows siku moja anaweza kuiponya mashine, lakini hatajua ni kipi kilichoiponya, na tatizo likirudi ataanzia sifuri.

Wapo watakaouliza: mbona kompyuta nyingi zimepona kwa kupigwa Windows? Ni kweli, programu nazo huangusha mashine. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, zikawa zinawaka na kuzimika tena na tena. Hata hapo dawa iliyotolewa ilikuwa kuwasha mashine kwa Safe Mode na kulifuta faili hilo, na data za watu zikabaki. Tena uponaji mwingine ni wa muda: Windows mpya haina programu nzito zilizokuwa zikiichemsha mashine, na zikirudishwa, kuzimika nako kunarudi. Anayetaka kujua kama Windows ina hatia awashe Linux kutoka kwenye flashi na kuifanyisha mashine kazi nzito kwa saa kadhaa. Ikizimika humo pia, asiiguse diski.

Hoja nzito zaidi ni ya muda. Mteja anataka mashine yake jioni, na fundi hulipwa kwa kazi iliyokamilika. Kupiga Windows kuna bei inayojulikana, ilhali uchunguzi unaweza kuisha bila hata kipuri kimoja kuuzwa. Hili ni tatizo la kweli, na sidhani linatatuliwa kwa kumlaumu fundi. Uchunguzi ulipwe kama kazi kamili, na mteja naye aje na kitu mkononi: tarehe na saa za kuzimika, kilichokuwa kikifanyika, kilichobadilishwa wiki hiyo. Memtest86+ inaweza kuachwa ikiendelea usiku kucha bila mtu kuisimamia. Na gharama ya kupiga Windows haiishii kwenye ujira wa fundi. Kuna printa za kuunganisha upya, leseni ya programu ya hesabu za duka, na picha ambazo hakuna aliyekumbuka kuzitolea nakala.

Nakala hiyo, kwa kweli, itangulie yote, hasa kumbukumbu zikionyesha makosa ya diski, kwa kuwa kila jaribio linaichosha zaidi diski inayokufa. Kapasita za madabodi zikiwa zimevimba vichwa, kama ilivyozipata Dell OptiPlex GX270 nyingi miaka ya 2000, uchunguzi umefika mwisho: ni kubadilisha kapasita au madabodi. Pawasaplai nayo isifunguliwe nyumbani hata ikiwa imechomolewa ukutani, kwani kapasita zake hubaki na umeme wa hatari. Ikithibitika ndiyo mbovu, hubadilishwa nzima.