Sendika na greve: namna watumikaji wa Katanga walivyoanza kusema na wakubwa wa kazi

Wanafunzi wengi wametuuliza sendika ni kitu gani, na kama ni jambo la siasa tu. Tunajibu: sendika ni chama cha watumikaji wanaotaka kusema na bwana wa kazi kwa kinywa kimoja. Mtumikaji mmoja akiingia ofisini peke yake kuomba nyongeza ya mshahara, bwana anaweza kumwambia "Rudi kwenu", na njo mwisho. Wakiwa elfu moja hawezi kuwafukuza wote, maana nani atachimba shaba kesho? Nguvu yote iko pale. Lakini namna jambo hili lilianza hapa Katanga, wengi hatujafundishwa.

Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Shida yake ya kwanza haikuwa shaba. Shaba ilikuwa tele. Shida ilikuwa watu. Mwaka wa 1910 wazungu wakafungua ofisi yenye jina la Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta wanaume vijijini na kuwaleta kwenye mashimo. Mara nyingi chifu alisukumwa kutoa watu, naye akawasukuma wao. Tena, kwa dekreti ya mwaka wa 1922, mtumikaji aliyeacha kazi kabla ya kontra kwisha hakuwa na neno na bwana wake tu: aliweza kutiwa gerezani. Angalieni vizuri hapo. Bwana alikuwa na sheria, askari na kapita. Mtumikaji alikuwa na miguu yake. Kwa hiyo greve ya kwanza ya watu wetu, kabla hata ya neno greve kujulikana, ilikuwa kukimbia usiku. Na walikimbia wengi.

Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 kampani ikageuza mashauri. Ikaona kwamba mtu anayekaa sana anajifunza kazi, hakimbii, wala hafi upesi. Ikaanza kutoa kontra za miaka 3, ikaruhusu mtumikaji kuja na bibi yake, ikajenga nyumba katika kambi, hospitali na masomo. Chakula kiligawiwa kila juma. Njo sababu hata leo mjini watu wanaita juma "poso". Hatusemi kwamba hayo yote yalikuwa mabaya. Wazee wengi waliozaliwa kambini walipata dawa na shule ambazo kijijini hazikuwa. Lakini yote yalitolewa kama baba anavyompa mtoto, na mtoto hapatani mshahara na baba yake. Mkubwa wa kambi alijua nani ameoa na nani amelewa. Kumsikiliza mtumikaji kuhusu franka zake, hapana.

Ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, wachimba shaba waligoma mwaka wa 1935 na tena mwaka wa 1940. Mara ya kwanza watu 6 waliuawa kule Luanshya, mara ya pili 17 kule Nkana. Habari za namna hii hazingoji pasi ya kuvuka mpaka.

Kisha vita. Ubelgiji ulishikwa na Wadachi mwaka wa 1940, na Kongo ikatakiwa kutoa shaba nyingi zaidi kwa ajili ya vita. Bei ya nguo na vitu vya dukani ikapanda, mshahara ukabaki chini. Mwaka wa 1941 wazungu wa kampani waligoma kwanza, na weusi walikuwa wanatazama. Tarehe 3 Desemba 1941 watumikaji weusi wakaanza nao kuacha kazi kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Waliomba mshahara utoke franka 1.50 ufike 2. Senti hamsini, wasomaji! Kule Jadotville askari walipiga watu 15 kwa risasi, wakafa.

Kule Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi, wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira. Aliyesema kwa jina lao ni Léonard Mpoyi, karani, mtu aliyejua kusoma na kuandika kama sisi wa shule. Tarehe 9 Desemba gavana wa Katanga, Amour Maron, akafika na askari. Akaahidi nyongeza, akawaamuru kurudi kazini. Walikataa. Mpoyi akauawa pale pale, na masimulizi mengi yanasema gavana mwenyewe ndiye aliyempiga. Kisha askari wakafyatulia umati. Serikali ilitaja wafu karibu 30. Wengine wanahesabu 60 mpaka 70. Kesho yake watu walirudi kazini. Mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, alichora mauaji hayo katika miaka ya 1970, na wengi walioyajua ni kwa njia ya picha ile, si kwa kitabu.

Mwezi wa Novemba 1945 wapakizi wa bandari ya Matadi nao waligoma, na damu ikamwagika tena. Mwaka wa 1946 serikali ikakubali weusi wawe na sendika, lakini chini ya jicho lake: mkubwa wa serikali aliweza kukaa mkutanoni. Nani atasema shida yake mbele ya yule? Kwa hiyo walioingia walikuwa wachache sana. Uhuru mkubwa zaidi ulikuja kwa dekreti ya mwaka wa 1957, miaka 3 tu kabla ya uhuru wa nchi. Mwaka wa 1967 sendika kubwa ziliunganishwa kuwa moja, nayo ikafungwa pamoja na chama MPR, mpaka mwaka wa 1990 ruhusa ya kuwa na sendika nyingi iliporudi. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2002 inataka watumikaji wa kampani wachague wajumbe wao kwa kura, na hao njo wanaoketi mezani na wakubwa.