Majina ya Makanisa Yetu (2): Somo wa Itigi naye ana somo wake

Wiki jana tuliliacha Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu mjini Singida, makao ya jimbo lililoundwa 25 Machi 1972. Leo tunashuka kusini hadi Itigi, mji wa asali na wa stesheni kwenye Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Tabora 1912. Ukifika Itigi ukamtaja Gaspar, hakuna atakayekuuliza Gaspar yupi. Atakuonyesha njia ya hospitali.

Kabla ya kumfikia Mtakatifu Gaspar mwenyewe, nina deni. Msomaji mmoja wa Manyoni alinisimamisha baada ya makala ya kwanza: “Mwalimu, somo si la darasani? Mtakatifu anakuwaje somo?”

Swali zuri. Pwani, somo ni mtu mnayechangia jina. Juma akikutana na Juma mwenzake humwita “somo yangu”, na tangu hapo wanadaiana: harusi ya huyu, yule hakosi. Kungwi anayemfunda mwali naye huitwa somo. Wakatoliki walipohitaji neno la kumtaja mtakatifu ambaye mtu, parokia au shirika linaishi chini ya jina lake, walilikuta hili liko tayari. Mimi nalipenda kuliko “msimamizi”, neno lenye harufu ya chumba cha mtihani.

Sasa Gaspar. Gaspar del Bufalo alizaliwa Roma tarehe 6 Januari 1786, sikukuu ya Tokeo la Bwana, siku ya Mamajusi. Wazazi hawakuhangaika kutafuta jina: walimpa yote matatu ambayo mapokeo yanawapa wageni wale wa Mashariki, Gaspar, Melkiori na Baltazari. Masomo watatu kwa mtoto mmoja! Baba yake alikuwa mpishi wa ukoo wa kitajiri wa Altieri, na jumba lao lilitazamana na kanisa la Gesù, linalotunza mkono wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Mtoto alipougua hata macho yakawa hatarini, mama alimwomba Ksaveri. Macho yakapona.

Gaspar hakulisahau deni hilo. Alipoanzisha shirika lake, Wamisionari wa Damu Azizi, tarehe 15 Agosti 1815 katika monasteri ya San Felice huko Giano, alimweka Ksaveri kuwa somo wake. Wakati huo alikuwa ameshaonja jela: mwaka 1810 alikataa kula kiapo cha utii kwa Napoleon, akazungushwa Piacenza, Bologna, Imola na Lugo kwa miaka ipatayo minne. Baadaye, mwaka 1819, serikali ya Papa ilipoamua kuubomoa mji wa Sonnino kwa kuwa ulikuwa maficho ya wanyang’anyi, ni yeye aliyeuombea, kisha akapeleka wahubiri kwa wanyang’anyi wenyewe. Alifariki 28 Desemba 1837, na Papa Pius wa XII akamtangaza mtakatifu 12 Juni 1954.

Huyo Ksaveri, somo wa somo, kwetu si mgeni. Aliondoka Lisbon mwaka 1541 akielekea Goa, akasubiri upepo miezi kadhaa Msumbiji, na mapema 1542 meli yake ikatia nanga Malindi. Kanisa dogo la Wareno bado lipo pale, limeezekwa kwa makuti, makaburi yako uani, nalo ni miongoni mwa makanisa ya kale kabisa yaliyosimama Afrika Mashariki. Katika barua aliyoiandika Goa Septemba mwaka huo, Ksaveri anasimulia alivyozungumza na Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini humo, ambaye alimlalamikia kuwa Malindi ina misikiti 17 lakini inayoendewa ni mitatu tu. Nikiyasoma hayo huwaza wenyeviti wa jumuiya ndogondogo wanavyolia na mahudhurio.

Ksaveri alipita na bahari. Bara waliingia wana wa Gaspar, Wamisionari wa Damu Azizi kutoka Italia, miaka ya 1960.

Shirika humwadhimisha Gaspar 21 Oktoba, kwa hiyo novena huanza tarehe 12. Aliyewahi kukaa kwenye sikukuu ya somo mkoani kwetu anajua kwamba Misa ikiisha ndipo jasho huanza: mnada wa matoleo. Debe la mtama, gunia la alizeti, dumu la asali, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mwaka mmoja nilimnunua jogoo mwekundu, nikapigiwa vigelegele. Kabla sijamshika, mama mmoja wa kwaya akaninong’oneza kwamba muungwana humrudisha mezani. Nikamrudisha. Akauzwa tena mara mbili, na mnunuzi wa mwisho, mgeni kama mimi, akaondoka naye kwapani huku watu wakicheka.

Desturi ya Kanisa ni kumkumbuka mtakatifu siku aliyokufa, lakini 28 Desemba ni ya Watoto Mashahidi wa Bethlehemu. Na hata isingekuwa yao, mwezi huo Singida mvua imeshanyesha, ghala limepungua, kila mtu yuko shambani na jembe lake. Jogoo yule angenunuliwa na nani?