Dawa za Umakini na Usalama wa Chembe Hai: Uzito wa Neno "Huenda"

Mzazi wa Kitale au Bungoma anapoelezwa kuwa mwanawe ana tatizo la kukosa umakini na utulivu, aghalabu maelezo humfikia kwa Kiswahili, lugha inayowaunganisha Wabukusu, Wasabaot na majirani zao. Miongoni mwa dawa za tatizo hilo ni methilifenideti, ijulikanayo pia kama Ritalin, ambayo huchangamsha ubongo ili mtoto aweze kuzingatia jambo. Je, dawa hiyo huharibu chembe hai?

Swali hilo lilishika kasi mwaka 2005, utafiti wa Texas, Marekani, ulipochapishwa. Damu ya watoto 12 ilipimwa kabla ya matibabu na baada ya miezi 3, ikaonekana kuwa kasoro zimeongezeka katika kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe. Kwa kuwa kasoro za aina hiyo huhusishwa na saratani, hofu ilitanda. Hata hivyo, watoto hao walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi la wasiotumia dawa la kulinganishwa nao. Kwa hiyo, haikuwezekana kubainisha iwapo chanzo kilikuwa dawa au jambo jingine. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani, na mwaka 2008 wengine wa Marekani, walipima watoto wengi zaidi wasilione ongezeko hilo.

Hapa ndipo lugha inapobeba dhima nzito. "Dawa inaharibu chembe" ni hukumu. "Huenda ikaharibu" ni dhana inayosubiri uchunguzi. Vivyo hivyo, "madhara hayakuonekana" si sawa na "haina madhara", kwani vipimo hivyo vilichukua miezi ilhali baadhi ya watoto hutumia dawa kwa miaka. Aidha, yapo madhara yanayojulikana, kama vile kupungua kwa hamu ya chakula, kukosa usingizi na kuongezeka kwa mapigo ya moyo, ambayo humlazimu daktari kumfuatilia mtoto.

Ni bayana, basi, kwamba mfasiri akiidondosha "huenda", mzazi aweza kumkatizia mtoto dawa inayomfaa. Akiandika "ni salama kabisa", mzazi huyo aweza kuacha kumrudisha kliniki. Katika hali zote mbili, atakayeumia ni mtoto.